Tundu la Kwanza kwenye Boti ya Faiba



Jahazi la mbao ni chombo cha matundu. Kila msumari ulioshika ubao na taruma umepita kwenye tundu lililotobolewa kwa keekee, na fundi ameuvisha uzi wa pamba uliolowa mafuta kabla hajaupiga nyundo. Kati ya ubao na ubao pana mwanya, na mwanya huo unatiwa kalafati. Chombo kilichokaa pwani miezi kadhaa kikishushwa majini, siku ya kwanza kitavuja, na hakuna baharia atakayeshtuka. Mbao zitakunywa, zitavimba, zitabanana, na ngama itapungua yenyewe. Kwa fundi wa jahazi maji ni adui, lakini ni adui anayemsaidia kazi.

Boti ya faiba haina ukarimu huo. Inatoka kwenye kalibu yake haina tundu hata moja. Kiwandani watatoboa moja la kizibo cha nyuma, la kutolea maji boti ikiwa nchi kavu, na mara nyingi wataishia hapo. Baada ya hapo, tundu utakalolikata wewe leo saa nne asubuhi litabaki na upana uleule miaka 20 ijayo. Hakuna cha kuvimba, hakuna cha kubanana. Kama ulilikata vibaya, litakuwa baya siku zote.

Leo basi nataka tuzungumze juu ya kukata matundu kwenye boti za faiba kwa ajili ya kufunga vifaa: pampu, taa, redio, spika, mashine ya kutafutia samaki na vinginevyo. Na niseme mapema nimesimama wapi. Wenye boti wengi wanaogopa tendo lenyewe la kukata. Wanazunguka na drili mkononi nusu saa, wanapima mara ya tatu, wanamwita jirani ashuhudie. Hofu hiyo imekaa mahali pasipo pake. Kukata ni kazi ya dakika chache. Boti inaharibiwa na ukingo wa tundu ulioachwa mbichi baada ya kukatwa, na huo hauogopwi na mtu kwa sababu ukishakifunga kifaa chako juu yake hauonekani tena.

Kwa nini nizungumzie jambo hili sasa? Kwa sababu boti hizi zimeongezeka sana, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, na kule Ziwa Victoria pia. Mbao nzuri za kuundia vyombo zimekuwa adimu na bei yake inapanda. Serikali za Tanzania, Bara na Visiwani, zimekuwa zikiwakopesha wavuvi boti za faiba. Wenye biashara ya wageni pale Nungwi, Kizimkazi na Watamu wamehamia huko siku nyingi. Na boti ikishafika mikononi mwa mwenyewe, haikai kama ilivyokuja. Anataka pampu ya ngamani. Anataka taa, nyekundu kushoto na kijani kulia, ili meli zimwone usiku. Anataka antena ya redio, anataka mahali pa kusimamishia mishipi. Anayepeleka wageni kwenye fungu la mchanga anataka spika, na spika, msikilizaji, ndiyo inayodai tundu kubwa kuliko karibu kila kifaa kingine ndani ya boti, sentimita 13 hivi kwa ile ya kawaida. Kwa hiyo muziki wa nusu siku unapasua boti kuliko redio ya kuokolea maisha. Sisemi watu wasisikilize muziki. Nasema tu kwamba hesabu iko hivyo.

Tuanze na boti yenyewe, maana huwezi kutoboa kitu usichokijua. Boti ya faiba inajengwa kuanzia nje kuja ndani. Kalibu inapakwa kwanza jelikoti, ile rangi ngumu inayong'aa unayoiona kwa nje. Ni tabaka jembamba sana, karibu nusu milimita, na ni gumu kiasi kwamba halipindi, likilazimishwa linapasuka. Nyuma yake yanafuata matabaka ya mati na vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa resini. Hizo nyuzi ndizo zenye nguvu. Resini kazi yake ni kuzishika pamoja na kuzuia maji.

Sehemu ya chini ya boti ndogo nyingi ni faiba tupu, imara, bila kitu kingine katikati. Lakini sitaha, sakafu na ule ukuta wa nyuma unaobeba injini ni hadithi nyingine. Hapo kuna ngozi mbili za faiba, moja juu na moja chini, na katikati yake kuna kiini. Kiini kinaweza kuwa plaiwudi, kinaweza kuwa mbao nyepesi za balsa, kinaweza kuwa povu gumu. Kinafanya kazi kubwa: kinaipa boti ukakamavu bila kuiongezea uzito mwingi. Kikibaki kikavu kitaishi miaka. Kikilowa, boti imeanza kufa ikiwa bado inang'aa.

Na hata povu halisalimiki. Mwaka 1961 jarida la Life la Marekani lilichapisha picha za mtu anayeitwa Richard Fisher, mwenye kampuni ya boti za Boston Whaler, akiwa ameketi ndani ya boti yake majini, amevaa nadhifu, huku boti hiyo ikikatwa katikati kwa msumeno. Ilipogawanyika, nusu zote mbili ziliendelea kuelea. Siri ilikuwa povu lililojazwa kati ya ngozi ya nje na ya ndani. Lilikuwa tangazo la biashara la aina yake, na mpaka leo watu wanalikumbuka. Lakini waulize watu wanaonunua boti za povu zilizotumika miaka mingi wanaangalia nini kwanza. Wanaangalia uzito. Skrubu moja iliyofungwa bila gundi, ikaachwa misimu kadhaa, inaweza kuingiza maji polepole ndani ya povu mpaka boti iwe nzito kuliko ilivyozaliwa, na maji hayo kuyatoa ni balaa. Msumeno wa Fisher haukuizamisha, na skrubu nayo haiizamishi. Inaifanya mzigo tu: injini inanung'unika, mafuta yanaliwa, na mwenyewe anaenda kumlaumu fundi wa injini.

Sasa tuje kwenye swali la mahali pa kutoboa. Matundu yako ya aina mbili: yaliyo juu ya mstari wa maji na yaliyo chini yake. La juu likivuja litakuletea kero. La chini litakuletea msiba. Acha nikupe hesabu. Chukua tundu lenye upana wa milimita 25, yaani kama inchi moja, likiwa sentimita 30 chini ya mstari wa maji. Kipitisho, yaani kifaa cha kupitishia maji ulichokifunga hapo, kikivunjika, au mpira wake ukichomoka, maji yatakayoingia ni zaidi ya lita 40 kwa dakika. Tundu likiwa na upana wa milimita 50, usidhani yataingia mara mbili. Yataingia mara nne, lita 170 hivi kila dakika, kwa sababu kinachohesabika ni eneo la tundu zima. Haya, sasa soma kibandiko cha pampu ndogo ya ngamani inayouzwa madukani. Nyingi zimeandikwa galoni 500 kwa saa. Hizo ni galoni za Kimarekani, karibu lita 1,900 kwa saa, sawa na lita 32 kwa dakika. Na hizo 32 zimepimwa betri ikiwa imejaa na mpira haupandi popote. Ndani ya boti, mpira ukipanda mita moja na betri ikiwa imechoka, zinapungua. Kwa maneno mengine, ile pampu iliyokufanya utoboe haiwezi kushindana na tundu moja la inchi lililofunguka chini ya maji.

Ndiyo maana kila tundu la chini ya maji linatakiwa liwe na koki inayofungika kwa mkono, na mkono uifikie bila kuhamisha barafu, nyavu na abiria. Koki iliyofichwa chini ya sanduku la samaki ni pambo.

Na tundu la kutolea maji ya pampu, hilo liko juu ya mstari wa maji, sivyo? Mstari upi? Hapa watu wanakosea sana. Boti inapimwa ikiwa tupu, imetulia kwenye maji mafu, na tundu linakatwa sentimita chache juu ya maji. Siku ya kazi boti inapakia barafu, mafuta, watu 8 na samaki wa usiku mzima, inazama kidogo, na lile tundu linakuwa chini ya maji. Pampu ikizimwa, maji yanarudi kwa njia ileile yaliyotokea, taratibu, bila kelele. Nahodha anashangaa boti inavuja wapi. Haivuji, inanywa kwa mrija aliouweka mwenyewe. Kwa hiyo pakia kwanza, chora mstari kwa penseli boti ikiwa imeshiba, kisha panda juu ya hapo kadiri unavyoweza.

Kabla ya drili kugusa popote, ingia ndani uangalie nyuma ya mahali unapotaka kutoboa. Kuna waya? Kuna mpira wa mafuta? Kuna tangi? Kuna taruma la faiba lililobeba sakafu? Kama huwezi kuona, kuna ujanja wa mafundi ambao ni rahisi mno. Toboa tundu dogo la kupimia, la milimita 3 hivi, hapo katikati. Chukua waya mwembamba, ukunje ncha kwa urefu sawa na nusu ya upana wa kifaa chako, upenyeze ndani, halafu uuzungushe duara zima. Ukizunguka bila kugonga kitu, mahali pako pako wazi. Ukigonga, una tundu la milimita 3 la kuziba, na hilo ni jambo dogo.

Na kuna swali la kujiuliza kabla hata ya hilo: lazima nitoboe? Chukua mashine ya kutafutia samaki. Ina kile kifaa kinachopeleka mlio majini na kuupokea ukirudi, mafundi wanakiita transidyusa. Wengi wakikinunua wanadhani lazima kitoke nje ya boti. Lakini mlio ule unapita kwenye faiba tupu. Boti yako ikiwa na faiba imara chini, bila kiini wala mapovu ya hewa, unaweza kukibandika kifaa hicho kwa ndani kwa gundi ya epoksi na kikasoma kina vizuri. Jaribu kwanza: acha maji kidogo ngamani, kishike kifaa chini kabisa ndani ya maji hayo ukiwa baharini, uone kama skrini inaonyesha kina. Ikionyesha, umeokoa tundu. Ikiwa boti ina povu au plaiwudi chini, mlio utafia humo, basi kifunge nyuma, nje. Hata hapo usikifunge moja kwa moja kwenye ukuta wa boti. Funga kwanza ubao mnene wa plastiki ngumu, kwa gundi na skrubu mbili, mara moja tu katika maisha ya boti. Kisha kifaa chochote unachobadilisha, leo hiki, mwakani kingine, unakitobolea kwenye plastiki hiyo. Nimeona kuta za nyuma za boti ambazo zimetobolewa matundu yasiyo na idadi, kila mwenye boti aliyepita ameacha yake, nusu yake yamezibwa kwa silikoni na nusu kwa matumaini.

Ukuta huo wa nyuma, msikilizaji, naomba tukae nao kidogo, maana ndiko boti nyingi zinakofia. Ndani yake mara nyingi kuna plaiwudi nene. Unabeba injini, unasukumwa mbele injini ikifanya kazi, unavutwa nyuma ikining'inia kwenye mawimbi. Una matundu ya bolti za injini, na chini kabisa lile la kizibo. Plaiwudi ikikatwa, ukingo wake unaonyesha nyuzi za mbao zilizolala, na nyuzi hizo zinavuta maji kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta, sentimita baada ya sentimita, mbali na pale yalipoingilia. Fundi atakwambia, "Tundu dogo tu hili, bosi." Ni kweli ni dogo. Lakini utambi nao ni mwembamba, na chupa inakauka.

Dawa yake inajulikana, na haihitaji mashine yoyote ya ajabu. Tuseme unataka kufunga skrubu yenye unene wa milimita 5. Usilitoboe tundu lake moja kwa moja. Toboa kwanza milimita 12, upite ngozi ya juu na kiini, usiguse ngozi ya chini. Paka epoksi nyepesi ndani ya tundu hilo ili mbao iinywe na kushiba. Kisha changanya epoksi nyingine na unga wake wa kuifanya nzito, ujaze tundu lote, usawazishe, uache ikauke. Kesho yake toboa tundu la skrubu, jembamba kidogo kuliko skrubu yenyewe, katikati ya hiyo epoksi. Sasa skrubu yako imekaa ndani ya jiwe. Hata gundi ya juu ikichoka miaka ijayo, maji yatakayoingia yatakutana na epoksi, hayataiona mbao.

Kwa tundu kubwa, la spika au la mfuniko wa ukaguzi, utaratibu ni uleule ila njia inatofautiana. Baada ya kukata, chukua msumari, ukunje ncha, ufunge kwenye drili, uuzungushe ndani ya ukingo. Utachimba kiini kati ya ngozi mbili mpaka ndani kiasi cha sentimita moja au moja na nusu, kuzunguka duara lote. Pengo hilo lijaze epoksi nzito. Ni kazi ya kuchosha na inachafua, na hakuna mteja anayeiona. Ndiyo sababu mafundi wabaya wanairuka wote, na wazuri hawairuki.

Tahadhari moja ya nchi zetu. Vibandiko vya epoksi nyingi vimeandikiwa watu wa nchi za baridi. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, kikombe kilichojaa epoksi kinachemka chenyewe, kinafuka moshi na kuganda kabla hujafika kwenye boti. Changanya kidogo kidogo, uimwage kwenye sahani pana badala ya kuiacha imerundikana kikombeni, na fanya kazi asubuhi. Wengine watauliza, je, ile resini ya poliesta ya kawaida na hadna yake, iliyojaa madukani? Haishiki mbao wala faiba ya zamani vizuri kama epoksi. Lakini ukingo uliopakwa poliesta ni bora kuliko ukingo mbichi mara elfu. Hata faiba tupu isiyo na kiini, ukiikata, ipake resini kwenye ukingo, maana nyuzi zilizokatwa nazo zina njia za kupitisha maji.

Sasa kukata kwenyewe, na hapa nitakwenda haraka. Bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi mahali pa kukatia na uchore juu yake. Kwa tundu la mviringo tumia ule msumeno wenye umbo la kikombe unaofungwa kwenye drili. Anza kwa kuuzungusha kinyumenyume. Meno yakienda kinyume yanasugua jelikoti badala ya kuing'oa, na unapata mfereji safi. Jelikoti ikishapita, rudisha mwendo wa kawaida. Usisukume. Ukifika karibu na upande wa pili, simama, nenda upande huo, umalizie kutokea huko, la sivyo msumeno utatoka na vipande vya ngozi ya ndani. Kwa skrubu, panua mdomo wa tundu kidogo kwenye jelikoti kabla ya kuiingiza. Ile mistari midogo kama utando wa buibui unayoiona kuzunguka skrubu za boti nyingi imetokana na skrubu iliyolazimishwa kupita kwenye tundu lisilopanuliwa mdomo.

Kama tundu ni la pembe nne, usiliache na pembe kali. Toboa matundu manne ya mviringo kwenye pembe kwanza, halafu unganisha kwa msumeno wa jigso. Hili si la urembo. Mwaka 1913 mhandisi Mwingereza, Charles Inglis, aliwaonyesha wajenzi wa meli kwa hesabu kwamba kadiri pembe ya tundu inavyokuwa kali ndivyo mkazo unavyokusanyika hapo, na hata tundu la mviringo tu huzidisha mkazo wa ukingoni mara tatu. Miaka 30 baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilijenga meli za mizigo za Liberty zaidi ya 2,700 kwa haraka, na kadhaa kati yake zilipasuka sitaha. Nyufa nyingi zilianzia kwenye pembe za mraba za milango ya shehena. Chuma kile kilikuwa na matatizo yake mengine kwenye baridi, lakini pembe ndizo zilizokuwa mlango wa ufa. Boti yako si meli ya Liberty, ila inapigwa na mawimbi ya mkondo wa Pemba kila siku, na pembe yake haijui tofauti.

Gundi. Silikoni inapendwa kwa sababu ni rahisi na inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Ni ya bafuni. Chini ya maji usiitumie, na hata juu yake ifikirie mara mbili, kwa kuwa inaacha mafuta ambayo gundi nyingine wala rangi haitashika tena hapo hata ukisugua. Kwa vipitisho vya chini ya maji tumia poliurethani ya vyombo vya baharini. Ipake kwa wingi, kaza mpaka ichungulie pande zote, kisha usikaze zaidi. Ukiikamua yote utabaki na plastiki inayogusana na faiba bila kitu katikati. Ujue pia kwamba baadhi ya poliurethani hizo zinashika mno. Siku utakapotaka kukitoa kifaa, kitatoka na jelikoti yako.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani zaidi ya wengine. Wengi hatuna mahali pa kupandishia boti. Tunaileta ufukweni kwenye bamvua, maji yakitoka inakaa mchangani, tunafanya kazi, maji yakirudi inaelea. Kati ya kupwa na kujaa ni kama saa 6. Gundi nyingi za poliurethani zinahitaji siku kadhaa kukomaa kabisa. Kwa hiyo tundu la chini ya maji lililokatwa na kufungwa kati ya kupwa na kujaa limetumbukizwa baharini gundi ikiwa bado laini ndani. Kuna gundi zilizotengenezwa kukauka haraka, na kibandiko kitakwambia, kisome. Kama huna hiyo, panga watu wa kuivuta boti juu kabisa, nyuma ya mstari wa maji ya bamvua, ikae huko. Gharama ya watu 10 na soda zao ni ndogo.

Vyuma nitavigusa tu. Kipitisho cha shaba ya manjano, ile iliyochanganywa na zinki, kinapendeza dukani lakini maji ya chumvi yanakula zinki iliyomo, na siku moja kinavunjika mkononi kikiwa na rangi ya waridi kwa ndani. Chini ya maji tafuta bronzi, au plastiki ya vyombo vya baharini iliyoimarishwa kwa nyuzi. Plastiki nyeupe ya kawaida jua linaifanya kuwa kama ganda la yai. Na kifaa chochote kitakachovutwa, kama kile chuma cha kufungia kamba ya nanga, kisishikwe kwa skrubu. Kishikwe kwa bolti zinazopita mpaka ndani, na huko ndani uweke bamba pana la kutawanya nguvu kabla ya washa na nati.

Vumbi la faiba linawasha ngozi na halifai mapafuni. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta ile ya wapaka rangi. Miwani ni lazima, tena zaidi unapomimina hadna, kwa sababu tone moja la hadna ya poliesta linaweza kulipofusha jicho. Mikono ifunike, na ukimaliza oga kwa maji baridi. Watoto wanaopenda kusimama karibu na fundi waondoe, hata kama wanakushikia tochi.

Tumalizie na wale ambao boti zao zimeshatobolewa na watu waliopita, na nadhani ndio wengi wanaonisikiliza. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, au mpini wa bisibisi, ugonge sitaha na ukuta wa nyuma polepole kuzunguka kila skrubu na kila kifaa. Mahali pazima na pakavu patatoa mlio mkali. Mahali palipooza patajibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa. Kisha inua injini juu, ushike mguu wake, uusukume chini huku mwenzako anaangalia ukuta. Ukuta ukicheza, hata kidogo, usiongeze injini kubwa wala tundu jingine mpaka ujue ndani kuna nini.

Na ukiona tundu la zamani lisilo na kazi, kabla hujakimbilia kuliziba, pima kama kifaa chako kipya kinaweza kutumia hilohilo. Kuliziba vizuri kuna bei yake. Kanuni ya mafundi ni kuusugua ukingo ulale mteremko wa mara 12 ya unene wa faiba. Ikiwa faiba ni milimita 6, mteremko ni milimita 72 kila upande. Tundu la milimita 25, ambalo mtu alilikata kwa dakika 5 kwa ajili ya kifaa alichokiuza mwaka uliofuata, linadai kiraka cha karibu sentimita 17, mati tabaka juu ya tabaka, kusugua, jelikoti, kusugua tena. Fundi mzuri atakutoza siku nzima, na usimpunguzie.